Padri Guido Haazen: mgeni aliyeacha Kamina iimbe misa kwa sauti yake

Siku moja kijana wa mtaa wetu alinitolea telefone yake, akaniambia nisikilize. Ilikuwa sauti za watoto wanaume, ngoma chini, mwimbaji mmoja anatangulia na wengine wanaitikia. Aliniuliza ni watu wa inchi gani. Alifikiri ni Afrika ya Kusini ao labda Nigeria. Nilipomwambia kama ni Kamina, hapa kwetu, alicheka. Hakuamini. Alisema kama kitu kama hicho kingetoka Kamina, watu wote wa Kamina wangekijua.

Ile neno lake lilinikamata. Kwa sababu ni kweli: wimbo ule ni Sanctus ya Missa Luba, misa iliyozaliwa hapa mjini, ikaimbwa hapa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958, kisha ikazunguka dunia nzima. Watu wa London, wa Roma na wa New York waliisikia katika sinema na kwenye diski. Na hapa Kamina, mtoto wa miaka 20 hajui. Basi leo tunaeleza maisha ya mtu ambaye jina lake limebaki juu ya misa hiyo, Padri Guido Haazen, na tunaeleza pia juu ya wale ambao majina yao hayakubaki.

Kijana wa Ubelgiji anakuja kwenye mji wa treni

Guido Haazen alizaliwa Ubelgiji mwaka 1921. Aliingia katika shirika la Wafransisko, wale wafuasi wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Wazee wetu waliwajua vizuri, maana Wafransisko kutoka Ubelgiji ndio walioshika misioni nyingi za upande huu wa Katanga, na jimbo la Kanisa la Kamina lilijengwa mikononi mwao.

Katika shirika hilo kulikuwa mtu mwingine ambaye wasomaji wengi wamesikia jina lake: Padri Placide Tempels. Yeye alikaa miaka mingi kati ya Baluba wa Katanga, na mwaka 1945 kitabu chake juu ya filozofia ya Wabantu kilitoka kwa Kifaransa mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wakati ule kulikuwa wazungu wengi waliosema mtu mweusi hana mawazo yake mwenyewe, anahitaji tu kufundishwa. Tempels aliandika kinyume: Muluba ana mawazo yake, tena mawazo yenye mpango. Watu wamebishana sana juu ya kitabu hicho mpaka leo, na Waafrika wengine wamekikosoa kwa nguvu. Lakini kinatuonyesha kitu kimoja: ndani ya shirika lile kulikuwa mapadri walioanza kutega masikio kwa watu waliokuja kuwafundisha.

Haazen alifika katika hali hiyo. Mwezi wa Septemba 1953 alipewa kazi ya kuongoza shule kubwa ya Kamina, École Centrale. Alikuwa na miaka karibu 32.

Tukumbuke Kamina ya ile wakati. Ilikuwa mji wa treni. Reli kutoka Lubumbashi ilipita hapa kwenda Kasai mpaka Port-Francqui, leo tunaita Ilebo. Mwaka 1956 tawi la Kamina mpaka Kabalo lilimalizika, na hivi njia ya Tanganyika ikafunguka. Pembeni kulikuwa base kubwa ya kijeshi ambayo Wabelgiji walijenga baada ya vita ya pili ya dunia. Kwa hiyo hapa walikutana watu wa kila upande: Baluba wa Katanga, Baluba wa Kasai, Kanyok, Bena Lulua na wengine. Kila mmoja alishuka kwenye gare na mzigo wake mkononi na nyimbo zake kichwani. Siku ya Mungu, mtu aliyetembea kutoka mtaa mmoja mpaka mwingine aliweza kusikia ngoma za aina tatu ao ine bila kutoka mjini.

Lakini ukiingia kanisani, ngoma zilinyamaza. Njo vile ilikuwa. Katika misioni nyingi za Kongo ngoma haikuruhusiwa ndani ya kanisa. Ilihesabiwa kuwa kitu cha kipagani, kitu cha kucheza usiku. Misa ilikuwa kwa Kilatini, na wimbo ulikuwa ule wa zamani wa Kanisa la Roma ao zile nyimbo za Ulaya za kufuata armonium. Mwana wa Kamina alipotaka kumwimbia Mungu, ilikuwa lazima aache kwanza sauti ya mama yake mlangoni.

Korali ya watoto na waalimu

Muda mfupi baada ya kufika, Haazen alianzisha korali shuleni. Ilikuwa na watoto wanaume karibu 45, wa miaka 9 mpaka 14, na waalimu karibu 15 wa shule ile. Pamoja nao kulikuwa wapiga ngoma. Watoto walishika sauti za juu, waalimu walishika sauti nzito.

Akaipa jina la Les Troubadours du Roi Baudouin. Troubadours ni waimbaji wa zamani wa Ulaya, waliokuwa wakitembea toka mji mmoja mpaka mwingine na nyimbo zao. Roi Baudouin ni mfalme wa Ubelgiji, aliyeshika ufalme mwaka 1951. Wazee wanakumbuka alipotembelea Kongo mwaka 1955, watu wakamwita Bwana Kitoko. Leo jina kama hilo linatuchoma kidogo: watoto wa Kongo wanabeba jina la mfalme wa wakoloni. Lakini ile wakati ndilo jina lililofungua milango, na tusidanganyane, bila milango ile kufunguka labda tusingekuwa na kitu cha kusikiliza leo.

Kilichofanya korali hii kuwa tofauti ni kile ambacho Haazen hakufanya. Korali nyingine za misioni zilifundishwa kuimba kama watoto wa Ulaya, na zilisifiwa kadiri zilivyofanana na wazungu. Haazen aliwaacha hawa waimbe nyimbo za kwao, namna wanavyoziimba kwao. Hakuweka armonium. Aliweka ngoma za ngozi, vibuyu, na kyondo, ule mti uliochimbwa ndani ambao wazee walitumia hata kupeleka habari kutoka kijiji mpaka kijiji.

Mwaka 1957 korali ilirekodi wimbo wa ndoa, Dibwe Diambula Kabanda. Na hapo hawakuishia. Kwenye diski zao kuna Ebu Bwale Kemai, nao ni wimbo wa ndoa. Kuna Lutuku y a Bene Kanyoka, wimbo wa Kanyok wa kutoka katika matanga. Kuna Twai Tshinaminai, wimbo wa kazi. Kuna Katumbo, wa kucheza. Kuna Seya Wa Mama Ndalamba, wa furaha ya ndoa. Na kuna Banaha, ambao unatajwa kuwa wimbo wa waaskari.

Ukiangalia orodha ile, unaona kama ni ramani. Ndoa, kifo, kazi, jeshi, michezo: maisha yote ya mtu wa huku yamo. Na si kabila moja. Ni mji mzima wa treni uliokusanyika katika darasa moja.

Namna misa ilivyozaliwa

Watu wengi wakisikia kama Haazen alitunga Missa Luba, wanafikiri padri alikaa usiku mezani na kalamu, akaandika noti, asubuhi akawapa watoto. Haikuwa hivyo. Misa haikuandikwa kwanza. Iliimbwa kwanza.

Kazi ilienda hivi. Maneno ya misa yalikuwa ya Kilatini, na hayo hayakubadilishwa, maana Kanisa halikuruhusu. Kulikuwa Kyrie, Gloria, Credo, Sanctus na Benedictus, na Agnus Dei. Padri alileta maneno. Korali ilileta sauti. Waliyachukua maneno yale na kuyaweka ndani ya namna za kuimba ambazo walizijua tangu utoto. Mmoja alianza, wengine waliitikia, ngoma ikatafuta njia yake. Kile kilichokaa vizuri walikishika, na hata siku ya kurekodi kulikuwa mambo yaliyotoka palepale, bila mtu kuyapanga mbele. Noti kwenye karatasi zilikuja nyuma, kwa kufuata kile kilichokwisha kuimbwa.

Na namna zile hazikuchaguliwa ovyo. Kyrie ni ombi la huruma, basi waliiimba kwa namna ya kasala. Kila Muluba anajua kasala: ni ile sauti ya kilio, mtu anaposimama mbele ya maiti na kutaja majina, ukoo na sifa za marehemu na za wakubwa waliotangulia. Ukiwa umeshakaa kwenye matanga usiku, ukasikia mama mmoja anainua sauti na kundi linampokea, umeelewa Kyrie ya Missa Luba kuliko profesa wa muziki wa Ulaya.

Sanctus na Benedictus waliziweka katika namna ya wimbo wa kuagana wa Kiluba, wimbo wa mtu anayeondoka. Ndiyo maana ni taratibu, ina uzito, na mwimbaji wa mbele anavuta sauti kama mtu asiyetaka kuachilia mkono wa ndugu yake. Halafu ghafula inakuja Hosanna, na hapo ngoma inabadilika: ni mapigo ya kucheza ya Kasai. Hata kama unasikiliza ukiwa umekaa kwenye kiti, miguu inakataa kutulia. Agnus Dei ikachukuliwa kutoka wimbo wa Bena Lulua.

Mtu aliyeimba mbele, yule mwenye sauti ya kutangulia ambayo dunia nzima imeisikia, alikuwa mwalimu wa shule ileile, Joachim Ngoi. Jina hilo tulitaje vizuri. Wengi wanalisoma kwa maandishi madogo tu nyuma ya diski.

Tarehe 23 Machi 1958 misa iliimbwa katika kanisa la misioni ya Mtakatifu Bavo, hapa Kamina. Haikuwa onyesho. Ilikuwa misa ya kweli, na watu waliosali. Fikiri mama aliyekuwa amepiga magoti siku hiyo. Miaka yote alikuwa anaambiwa ngoma ni ya shetani, na leo ngoma iko karibu na altare, na watoto wa shule wanamwomba Mungu huruma kwa sauti ileile aliyomlilia nayo baba yake.

Ulaya, mwaka 1958

Mwaka uleule korali ilisafiri. Watoto wa Kamina walipanda ndege, wakaenda kuimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani. Waliimba kwenye maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Bruxelles, Expo 58. Walifanya pia konseri pamoja na korali ya watoto wa Vienne, ambayo ni kati ya korali za watoto zinazojulikana zaidi duniani. Na mwaka uleule misa ikarekodiwa, diski ikatoka kwa kampuni ya Philips.

Lakini kwenye Expo ileile kulikuwa jambo lingine, na haifai tulifiche. Wabelgiji walijenga kijiji cha Kongo, na nyumba za majani, wakaweka ndani watu wa Kongo wanaofanya kazi za mikono, ili wageni wapite na kuwaangalia. Kuna wageni waliowatupia ndizi, kama mtu anavyotupia nyama wa pori ndani ya kizuizi. Wale watu walichoka na matusi, na kabla ya Expo kuisha walikataa kuendelea, wakarudi kwao.

Mji mmoja, mwaka mmoja. Huku Mkongomani anatupiwa ndizi, huku mtoto wa Kamina anaimba na wazungu wanasimama kupiga makofi. Mimi nikifikiria hilo naona kama misa ile ilikuwa zaidi ya muziki. Ilikuwa jibu. Watoto wale hawakujibu kwa hasira wala kwa hotuba. Walijibu kwa kasala ya babu zao, na hakuna mtu aliyeweza kusema kwamba watu wenye kuimba hivyo ni watu bila akili.

Haazen mwenyewe alikuwa katikati ya mambo hayo mawili. Alikuwa padri wa Kibelgiji, mkubwa wa shule katika koloni, na korali yake ilibeba jina la mfalme. Hakuwa mwanasiasa wa kudai uhuru. Lakini masikio yake yalikuwa wazi, na ile wakati masikio wazi yalikuwa kitu cha nadra.

Inchi inageuka, diski inabaki

Baada ya hapo mambo yalienda haraka. Januari 1959 Léopoldville iliwaka. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikapata uhuru. Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, na huku kwetu Kaskazini ya Katanga Baluba wengi walikataa kujitenga huko. Damu ilimwagika, vijiji vilichomwa. Base ya Kamina ikashikwa na askari wa Umoja wa Mataifa. Korali yenye jina la mfalme wa Ubelgiji haikuwa tena na nafasi katika inchi kama hiyo.

Lakini diski haikujua siasa. Wakati watu wa huku walikuwa wanakimbilia porini, sauti za watoto wao zilikuwa zinauzwa katika maduka ya Ulaya na Amerika. Mwaka 1964 Pier Paolo Pasolini, mtengenezaji wa sinema wa Italia, alitengeneza sinema juu ya Injili ya Matayo, akaweka ndani Gloria ya Missa Luba. Mwaka 1968 Mwingereza Lindsay Anderson alitoa sinema If...., juu ya vijana wa shule wanaoasi wakubwa wao. Kijana mkubwa wa sinema ile anasikiliza Sanctus tena na tena kwenye chumba chake. Sinema ile ilipata zawadi kubwa ya Cannes mwaka 1969, na mwaka huohuo Sanctus ikauzwa kwa diski ndogo Uingereza, ikaingia katika orodha ya nyimbo zinazonunuliwa zaidi, pamoja na nyimbo za rok za vijana.

Na ndani ya Kanisa pia mlango ulifunguka. Tarehe 4 Desemba 1963 maaskofu waliokutana Vatikano walikubali maandishi juu ya liturujia, yanayosema kwamba katika inchi za misioni muziki wa watu wenyewe unapaswa kuheshimiwa na kupewa nafasi katika ibada. Kamina ilikuwa imekwisha kufanya hivyo miaka mitano mbele.

Sehemu nyingine za dunia zilipita njia ya kufanana na hiyo. Katika Argentina, mwaka 1964, Ariel Ramírez alitunga Misa Criolla: Kyrie katika namna ya vidala na baguala, Gloria katika carnavalito, Credo katika chacarera, kila sehemu na mapigo ya eneo lake, sawa vile Kamina walivyochukua kasala hapa na ngoma ya Kasai pale. Katika Mexico, mjini Cuernavaca, wakati wa Askofu Sergio Méndez Arceo, waliingiza mariachi katika kanisa kuu. Mariachi ni wale wanamuziki wenye viyolini, magita na tarumbeta, ambao watu wa Mexico wanawaita kwenye ndoa na sikukuu. Huko pia kulikuwa wakubwa waliosema muziki ule ni wa baa, hautoshelei mbele ya Mungu. Na watu walijibu kwa kujaza kanisa.

Kwetu Kongo, Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alisukuma kazi hiyo mbele miaka mingi, mpaka Roma ikakubali mwaka 1988 misa ya desturi ya Zaïre, ambayo sasa tunaisali kwa ngoma na kucheza bila mtu kushangaa. Mwaka 2019 Papa Fransisko aliisali huko Roma ndani ya kanisa la Mtakatifu Petro. Kijana anayecheza leo wakati wa Gloria katika parokia yake anafikiri ilikuwa hivyo tangu zamani. Hapana. Kuna watu waliotangulia kukata majani kwenye njia.

Jina la nani?

Sasa tufike kwenye jambo gumu. Kwenye diski nyingi na kwenye vitabu vya noti, jina linaloonekana kwa Missa Luba ni la Guido Haazen. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mtungaji ao mpangaji. Ukitafuta kwenye intaneti, unapata mwaka wa kuzaliwa kwake na wa kufa kwake. Ukitafuta wale watoto 45, hupati kitu. Ukitafuta wale waalimu 15, unapata Joachim Ngoi, na juu yake mistari miwili mitatu tu.

Kuna wanaosema padri aliwaibia watu wa Kamina. Kuna wanaosema bila padri hakungekuwa na kitu. Mimi naona pande zote mbili zinakwenda haraka. Haazen ndiye aliyekuwa na wazo la kuleta maneno ya misa kwa sauti za huku, ndiye aliyekusanya watu, aliyewafundisha kukaa pamoja, aliyetafuta njia ya kwenda Ulaya na kurekodi. Hiyo ni kazi, na ni kazi kubwa. Lakini kasala hakuileta yeye kutoka Ubelgiji. Wimbo wa kuagana hakuutunga yeye. Mapigo ya Kasai hayakutoka mkononi mwake. Na kama misa ilizaliwa kwa kuimba na si kwa kuandika, basi kila aliyefungua kinywa siku zile aliweka jiwe lake katika nyumba.

Tuchukue mfano wa Banaha. Wimbo ule unaimbwa leo na korali za shule Amerika na Ulaya. Watoto wa huko wanaufundishwa kama wimbo wa kufurahisha kutoka Kongo, na wanaimba bila kujua maneno yanasema nini. Wengi wanaandika tu kwamba ni wimbo wa Kongo. Hakuna Kamina. Wimbo umekuwa kama mtoto aliyetumwa sokoni akasahau jina la baba yake.

Majirani zetu wa Kenya walionyesha namna nyingine. Mwaka 1990 korali ya Muungano, chini ya uongozi wa Boniface Mganga, ilirekodi Missa Luba upya, na wengi duniani wameijua kupitia kwao. Ni vizuri, na tunawashukuru. Lakini hilo nalo linatuuliza swali: kama watu wa Nairobi waliona kwamba misa hii ni mali ya kuchukuliwa na mikono miwili, sisi wa Kamina tumeishika kwa mkono gani?

Mwisho wa padri, na kazi iliyobaki

Guido Haazen alikufa mwaka 2004, akiwa amepita miaka 80. Aliishi zaidi ya miaka 45 baada ya siku ile ya Mtakatifu Bavo. Miaka yake ya Kamina ilikuwa michache ukilinganisha na maisha yake yote, lakini ndiyo iliyobeba jina lake duniani.

Tukimpima kwa haki, alikuwa mtu wa wakati wake aliyefanya jambo moja ambalo wengi wa wakati wake hawakulifanya. Aliamini kwamba mtoto wa Kamina, akimwomba Mungu kwa sauti ya nyumbani, anasikiwa.

Lakini hadithi yake haiwezi kutosha bila ile ya wengine. Na hapo saa inatukimbiza. Mtoto aliyekuwa na miaka 9 katika korali mwaka 1958 alizaliwa karibu mwaka 1949. Leo, kama angali hai, amepita miaka 75. Yule wa miaka 14 amepita 80. Waalimu, labda wote wametangulia. Kila msimu wa mvua unapopita, tunaweza kuwa tumezika mtu aliyesimama siku ile mbele ya altare, na pale kwenye kilio hakuna aliyetaja kwamba sauti yake ilifika Cannes na Vienne. Kasala ni ya kutaja majina ya waliotangulia. Sisi tumeimba kasala ya padri. Ya wenyewe waliomfundisha kasala hatujaiimba.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, uwe Kamina, Kabongo, Bukama, Malemba-Nkulu, Kaniama ao ng'ambo ya hapo, Mwene-Ditu na Kananga: waulize wazee wa nyumba yako. Uliza kama kuna aliyesoma École Centrale kati ya 1953 na 1960. Uliza kama kuna picha ya zamani ndani ya sanduku, watoto wamesimama mistari na ngoma mbele. Ukipata jina, liandike, na mwaka, na kijiji alichotoka. Lete kwenye radio yetu, tutalisoma hewani. Hatutoi franga wala hatuombi. Tunatafuta majina tu.

Na yule kijana wa telefone? Nilimpeleka wimbo mzima, toka Kyrie mpaka Agnus Dei. Kesho yake alirudi na kuniambia bibi yake, aliyekuwa anapepeta muhogo uani, aliposikia Kyrie aliacha lungo, akanyamaza, kisha akauliza ni kilio cha nani.